Fundi Sikio na Kindi wa Jumanne

Fundi Sikio alikuwa ametengeneza majokofu kwa miaka ishirini na sita bila kujiuliza hata mara moja vilivyomo ndani vinajisikiaje. Nyama za buchani, chanjo za kliniki, maua ya arusi, kwake vyote vilikuwa mzigo unaotaka nyuzi fulani za baridi, basi. Mteja wake halisi alikuwa mashine.

Jina la Sikio alipewa na wachuuzi wa samaki, kwa sababu ya namna yake ya kupima ugonjwa. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha aliigusisha kwenye kompresa, mpini akauweka sikioni, halafu akafumba macho kama mtu anayesubiri kuambiwa siri. Baada ya dakika moja angesema, "Beringi ya feni imeanza kulika," au, "Gesi imepungua," na mara tisa kati ya kumi ndivyo ilivyokuwa. Mke wake, mshonaji aliyeweka cherehani yake palepale sebuleni, alikuwa na neno lake juu ya jambo hilo.

"Friji za watu unazisikiliza mpaka unafumba macho," alisema. "Mimi nikiongea, unatafuta rimoti."

Siku alipoitwa kwenye jengo la utafiti la chuo kikuu, aliambiwa tu kwamba kuna chumba baridi kinachopandapanda joto. Kilitakiwa kikae kwenye nyuzi nne, lakini kila baada ya siku chache kilifika tisa. Chumba kilikuwa ghorofa ya chini, mwisho wa korido yenye harufu ya dawa ya sakafu. Mwenye chumba alikuwa Daktari, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni, anayeongea haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Ndani palikuwa na rafu mbili za chuma, moja ukuta wa kushoto, nyingine ukuta wa kulia. Kila rafu ilibeba masanduku kumi na mawili ya plastiki yaliyojazwa maranda ya mbao. Fundi aliinama kuangalia feni ya nyuma, na jicho lake likaangukia kwenye sanduku moja. Katikati ya maranda kulikuwa na kitu cha manyoya kilichojikunja kama soksi. Alikigusa kwa kidole. Kilikuwa baridi kama chupa ya soda.

Akatoka nje taratibu, akavua kofia.

"Daktari," alisema kwa sauti ya msibani, "pole sana. Mnyama wako mmoja amefariki. Nadhani ni hii baridi."

Daktari aliingia, akaangalia, akatabasamu. "Simama hapa, Fundi. Mwangalie ubavuni. Usipepese macho."

Fundi akaangalia. Sekunde kumi, ishirini, thelathini. Alikuwa karibu kumwambia Daktari akubali tu matokeo, pale ubavu ulipoinuka kidogo na kushuka. Halafu kimya tena.

"Huyo ni kindi wa ardhini," Daktari alisema. "Ukimkuta wakati wa joto, moyo wake unapiga zaidi ya mara mia mbili kwa dakika. Sasa hivi unapiga kama mara tano. Porini, baridi ikianza, anaingia shimoni na kulala miezi. Hali, hanywi. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini."

"Na hizo nyuzi tisa?"

"Zinamsumbua usingizi. Ndiyo maana nimekuita."

Fundi alibadilisha themostati, akaziba mlango uliokuwa ukivujisha hewa, na chumba kikatulia kwenye nne. Angeweza kuchukua mfuko wake wa vifaa akaenda zake. Lakini kabla ya kuondoka aliomba aingie tena, amwangalie yule kindi akivuta pumzi moja zaidi. Daktari alipoona hivyo, akaenda kwa mkuu wa idara kuomba fundi huyu apewe kazi ya kudumu ya kuangalia mitambo ya baridi ya jengo lile. Mwezi uliofuata Fundi Sikio alikuwa na kitambulisho chenye picha, ambayo mke wake alisema imemtoa kama mtu anayetafutwa.

Nyumbani wakati huo kulikuwa na mgonjwa. Mama mkwe wake alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, mfupa ukaunga vizuri, daktari wa mifupa akaridhika. Aliyekuwa hajaridhika ni mama mwenyewe. Alikuwa amelala kitandani hapo nyumbani kwa binti yake wiki tisa, na paja la kulia lilikuwa limekonda likawa nusu ya la kushoto. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja mara mbili kwa wiki, akafukuzwa kwa maneno mazuri mara mbili kwa wiki.

"Yule kijana ana haraka," mama alisema. "Mfupa wangu ni wa zamani. Mfupa wa zamani hauharakishwi."

Fundi, ambaye kwa mama mkwe wake alikuwa na heshima iliyochanganyika na woga, hakujaribu kumbishia. Badala yake alimpelekea habari za kindi. Ilikuwa njia ya kumchangamsha. Kila alasiri akitoka kazini alikaa kwenye kiti karibu na mlango, na mama angeuliza, "Haya mkwe, wale wavivu wako wameamkaje?"

Siku aliyomweleza kwamba kindi hulala miezi sita na bado huamka akakimbia, kama vile amelala usiku mmoja, mama aliinuka kwenye mto.

"Miguu haikondi?"

"Inakonda kidogo tu, nasikia. Si kama ya kwetu."

"Unaona?" mama alimwambia binti yake aliyekuwa akishona. "Kumbe kulala hakudhuru. Ni maneno ya yule kijana."

Mke wa Fundi alimtazama mumewe juu ya cherehani kwa jicho lililosema kwamba mambo haya watayazungumza baadaye.

Fundi akaona amejitia matatani, na kesho yake akamuuliza Daktari: kwa nini kindi hakondi miguu? Daktari hakuwa mtu wa kujibu swali hilo kwa sentensi moja. Alivuta karatasi, akachora duara.

"Hii ni seli. Ndani yake kuna jeni, maelfu kwa maelfu. Kila jeni ni kama agizo: tengeneza kitu hiki, tengeneza kile. Lakini si maagizo yote yanatekelezwa kwa wakati mmoja. Mengine yamewashwa, mengine yamezimwa, mengine yamepunguzwa sauti tu. Kindi anapoingia usingizini, ini lake linazima maagizo ya kutumia sukari na kuwasha ya kutumia mafuta. Misuli yake inapunguza yale ya kujibomoa. Akiamka, yanarudi kama yalivyokuwa."

"Kwa hiyo hana kitu kipya ndani."

"Hana. Na hilo ndilo linaloninyima usingizi mimi. Jeni nyingi alizonazo yeye, tunazo na sisi. Tofauti ni nani anaziwasha, nani anazizima, na saa ngapi."

Fundi aliikunja karatasi ile akaiweka mfukoni.

Kulikuwa na jambo jingine. Kindi hawalali moja kwa moja miezi yote. Kila baada ya siku saba, kumi, hata kumi na nne, kila mmoja kwa mpango wake, mwili unapanda joto wenyewe, anaamka kwa saa kadhaa, kisha anarudi kulala. Kuamka huko kunakula mafuta mengi, na hakuna anayejua kwa hakika kwa nini wanajisumbua. Kila kindi wa Daktari alikuwa na kidude kidogo chini ya ngozi kinachotuma joto la mwili kwenye kompyuta. Na kompyuta ilikuwa imeonyesha kitu cha ajabu. Kindi wa rafu ya kulia waliamka ovyoovyo, kama ilivyotarajiwa. Wa rafu ya kushoto, wote kumi na wawili, waliamka pamoja kila Jumanne.

Wale wa kushoto walikuwa ndugu na binamu, uzao wa bibi mmoja. Daktari alipoona hivyo, aliona kitu alichokitafuta maisha yake yote ya kazi. Ukoo mzima wenye saa moja ndani ya mwili, siku saba kamili, haikosei. Lazima ilikuwa kwenye jeni zao. Alikuwa amechukua vipande vidogo vya nyama kutoka kwa baadhi yao, na kwa baadhi ya wale wa kulia, walipokuwa wakianza kuamka, ili vipimwe, na alikuwa ametuma muhtasari kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu. Ulikubaliwa. Alipewa dakika ishirini jukwaani.

Siku hizo Daktari alikuwa akitembea koridoni akiimba.

Fundi kwa kawaida alikagua mitambo siku ya Alhamisi. Lakini wiki moja feni ya chumba baridi ilianza kukwaruza, akaja Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi. Daktari hakuwepo, Jumanne alifundisha darasani hadi saa saba. Fundi alitoa bisibisi yake, akaigusisha kwenye fremu ya feni, akafumba macho. Akasikia beringi, akaijua. Saa nne kamili akasikia kitu kingine.

Kilikuwa mngurumo wa chini sana, kama wa paka mkubwa. Haukuwa wa feni wala wa kompresa. Alisogeza bisibisi hadi kwenye rafu ya kulia: kimya. Akaigusisha rafu ya kushoto, na mngurumo ukamjaa sikioni. Aliweka kiganja kwenye chuma. Kilikuwa kinatetemeka, kidogo tu, kiasi cha kumkuna mtu mkono. Baada ya dakika ishirini ukakatika.

Alitoka nje, akazunguka jengo. Upande wa pili wa ule ukuta wa kushoto kulikuwa na kibanda cha jenereta, na mbele yake mlinzi wa mitambo, mtu mnene aliyejulikana kama Bwana Dizeli, alikuwa anafuta mikono kwa tambara.

"Umeme ulikatika?" Fundi aliuliza.

"Haukukatika. Naiwasha kuijaribu. Usipoichemsha kila wiki inakufa."

"Siku gani?"

"Jumanne, saa nne. Mwaka wa nane huu. Ukitaka kurekebisha saa yako, njoo kwangu."

Fundi aliporudi ndani aliketi kwenye kibao akisahau beringi yake. Baada ya saa nzima hivi, kupitia kioo cha mlango aliona kindi wa kwanza wa kushoto akianza kutetemeka ndani ya maranda, mwili ukijipasha moto. Wa pili akafuata.

Jambo hilo lilimkaa kooni siku nne. Jumamosi asubuhi, wakinywa chai, mke wake aliacha kukunja kitambaa.

"Umeweka sukari mara tatu. Kuna nini?"

Akamweleza yote: ukoo, saa ya mwilini, mkutano, jenereta. "Sasa mimi ni nani wa kumwambia?" alisema. "Yeye amesoma miaka mingapi. Mimi nimesoma kwa mjomba, chini ya nguzo ya umeme, kwenye gereji."

"Na kama umekosea?"

"Nitachekwa."

"Na kama hujakosea, ukanyamaza?"

Fundi aliikoroga tena ile chai.

"Basi atachekwa yeye, tena jukwaani," mke wake alisema, "na wewe utakuwa unajua. Nakufahamu. Hutalala, na mimi utaniamsha."

Jumatatu alibisha mlango wa ofisi ya Daktari akiwa ameshika kofia. Alimwambia bila kuzungukazunguka. Daktari alimsikiliza, na jinsi alivyozidi kusikiliza ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana.

"Fundi," alisema mwishowe, "umesoma jeni?"

"Sijasoma, Daktari. Nimesoma mtetemo."

"Wale ni ukoo mmoja. Wa kulia si ukoo wao. Tofauti iko hapo."

"Tofauti ziko mbili, Daktari. Ukoo ni mmoja, na ukuta pia ni mmoja." Akaendelea. "Kwetu sisi, mtu akiniletea shida ya friji moja inafanya kazi na nyingine haifanyi, sianzi kufungua friji. Nabadilisha soketi kwanza. Ya huku naichomeka kule. Shida ikihama na friji, ni friji. Ikibaki ukutani, ni ukuta."

Daktari alivaa miwani, akaivua. Akasema asante kwa sauti ya kumfukuza mtu kwa adabu, na Fundi akaondoka.

Kwa siku nane hawakusemeshana zaidi ya salamu. Kuimba koridoni kulikoma. Siku ya tisa, Fundi alimkuta Daktari ndani ya chumba baridi, amevaa koti la sufu, amebeba sanduku la plastiki mikononi kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai.

"Nisaidie," alisema bila kumtazama. "Wa kushoto wote waende kulia. Wa kulia waje huku. Taratibu wasiamke."

Ilichukua asubuhi nzima. Kila sanduku walilibeba wawili, wakitembea kama maarusi. Walisubiri wiki tatu ili kindi watulie katika sehemu mpya na Jumanne zipite za kutosha. Jumanne ya tatu Daktari alimwomba mwenzake amshikie darasa, akakaa na Fundi mbele ya kompyuta. Saa nne, Bwana Dizeli akafanya kazi yake. Saa tano na nusu, mistari ya joto ilianza kupanda. Ilikuwa mistari kumi na miwili, yote ya wageni waliohamia kushoto. Ule ukoo wenye saa ya ajabu ulikuwa umelala kule kulia, kila mmoja na lake.

Daktari alihesabu mistari mara mbili.

"Ni ukuta," alisema.

"Ni ukuta," Fundi alikubali, na akatamani ingekuwa friji.

Daktari aliandika barua siku ileile kuwaambia waandaaji wa mkutano kwamba anaondoa mada yake. Fundi, kwa upande wake, alikata vipande vya mpira kutoka tairi kuukuu, akaviweka chini ya miguu ya rafu na kuisogeza mbali na ukuta kiasi cha shibiri. Mngurumo ukakoma kufika kwa kindi.

Alidhani hadithi imeishia hapo, na kwamba yeye ndiye mtu aliyemharibia Daktari mwaka. Kwa hiyo alishtuka Jumapili moja mchana alipofungua mlango wa nyumbani na kumkuta amesimama pale, ameshika mfuko wa machungwa.

"Nimekuja kuomba radhi," Daktari alisema. "Na nina habari. Naweza kuingia?"

Mke wa Fundi aliondoa vitambaa kwenye kochi. Mama mkwe, kutoka chumbani, alitaka kujua ni nani, na alipoambiwa akaamuru mgeni aletwe kwake, kwa sababu nyumba hii ina utaratibu. Hivyo wote wanne wakajikuta chumba cha mgonjwa, Daktari kwenye kile kiti cha karibu na mlango.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Vile vipande vya nyama alivyokuwa amevichukua havikwenda bure. Bila kujua, alikuwa amekusanya aina mbili za kuamka: kindi walioamka wenyewe, na kindi walioamshwa na jenereta. Alipowalinganisha, aliona kwamba kwa walioamka wenyewe, baadhi ya jeni za kuchoma mafuta zilikuwa zimeanza kuwashwa kabla mwili haujapata joto. Walijiandaa. Walioshtuliwa, mwili ulikuwa unapanda joto huku jeni zikiufuata nyuma, kama mtu anayetoka mbio huku anavaa viatu.

"Ni kitu kidogo, na lazima tukirudie mara nyingi kabla ya kukiamini," alisema. "Lakini ni cha kweli zaidi kuliko kile nilichokuwa nakipeleka. Nisingekiona bila wewe."

Fundi alitazama zulia. Mke wake alimtazama Fundi, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hakuwa na la kusema.

Mama mkwe alikuwa nalo. "Mwanangu," alimwambia Daktari, "huyu mkwe wangu ananiambia hizo jeni za kindi na mimi ninazo."

"Nyingi unazo, mama. Karibu zote."

"Basi mbona paja langu limekwisha?"

"Kwa sababu mwili wako haujui kuziwasha hivyo. Kindi akilala, misuli yake inapokea amri ya kujihifadhi. Ya kwako ikilala, inapokea amri ya kujibomoa, kwamba haihitajiki. Tunatafuta namna ya kubadilisha amri hiyo. Huenda tutaipata."

"Lini?"

Daktari alifikiri, kwa sababu hakuwa mtu wa kudanganya. "Miaka ishirini. Labda thelathini."

"Nina sabini na nne."

"Najua. Kwa sasa, amri moja tu ndiyo tunajua inafanya kazi kwa binadamu. Ni kusimama."

Mama aliangalia paja lake, kisha akamwangalia binti yake, ambaye alikuwa anatazama pembeni kwa makusudi.

"Huyo kijana wa mazoezi," mama alisema, "anakuja siku gani?"

"Kesho," binti yake alijibu.

"Mwambieni aje mapema. Na asiniletee ile mipira yake ya kitoto, nitatembea kwa miguu yangu."

Hakutembea kesho, wala wiki ile. Siku ya kwanza alisimama kwa hesabu ya sita, akatukana kwa adabu, akakaa. Lakini kufikia mwisho wa mwezi wa pili alikuwa anakwenda na fremu ya kutembelea hadi sebuleni, na mwezi wa nne alianza kukosoa ushonaji wa binti yake akiwa amesimama nyuma ya cherehani. Mke wa Fundi alisema kuna siku anawakumbuka wale kindi na usingizi wao.

Majira ya usingizi yalipoisha, Daktari alianza kupandisha joto la chumba kidogo kidogo, na Fundi ndiye aliyesimamia, nusu nyuzi kwa siku. Kindi waliamka wote, wembamba, manyoya yamesimama, na njaa isiyo na mfano. Alipewa kazi ya kuwapima uzito mmoja mmoja kwa sababu mikono yake haikutetemeka. Wa saba alimng'ata kidole gumba mpaka mfupani.

Alipokuwa kliniki akifungwa bendeji, muuguzi aliuliza amefanywa nini.

"Nimeng'atwa na kindi," Fundi alisema. "Hajala miezi sita. Simlaumu."